Shangazi Aliyeezua Nyumba Yake

Tangu nizaliwe sijawahi kushikwa nikidanganya. Wekeni hilo akilini. Walimu wa sekondari walijaribu wakachoka, trafiki wa Chimala alijaribu akaishia kucheka na kuniruhusu niende, na mama yangu mzazi, mwenye macho ya mwewe, mpaka leo anaamini nilifunga Kwaresima yote mwaka ule.

Kama ndiyo unaanza kunisoma leo, jina langu ni Anord na bahati yangu imekwenda likizo. Mashine ya kukoboa mpunga niliyokuwa naiendesha Chimala iliungua. Viazi nilivyopeleka kuuza Igowole, nilikuta kila mtu anavyo na mimi peke yangu ndiye mnunuzi. Mchumba wangu wa Mbeya aliniacha tukiwa tumeshapiga picha. Wiki iliyopita mliniacha nashuka Iringa na begi moja, nimechoka mpaka kope.

Shangazi Faustina alinipokea na chai ya maziwa. Ni dada wa baba, mjane, mwimba kwaya, na nyumba yake iko mtaa wa Ng'ambo, ukitoka Kihesa unavuka korongo. Akanipa chumba cha nyuma. Hakuuliza nimekuja kwa siku ngapi. Watu wa namna hiyo ndio huwa nawaharibia.

Ng'ambo inajengwa kila kukicha. Juu kilimani kuna vigae, mageti na mbwa wanaokula wali. Chini bondeni yuko shangazi.

Mvua zikianza, watu wa kilimani hutapisha vyoo. Kwa msiojua: mvua ikikolea unatoboa shimo la choo chako kwa pembeni, na kila ulichokula tangu Krismasi kinaondoka na maji. Asubuhi unaamka mtu msafi. Ila yale maji hayapai. Yanakwenda jikoni kwa shangazi.

Kila msimu anazoa kwa koleo. Anamwaga majivu, anaimba, anazoa tena. Ndiyo maana mamlaka ya maji ilipotangaza mpango wa bomba la maji taka, shangazi alishona kitenge kipya cha kwenda kuusikiliza.

Injinia wa mpango huo anaitwa Devotha. Alifika na ramani, mashine ya kupimia ya miguu mitatu, na mafua. Alitaka kijana wa mtaani wa kuweka alama mahali zitakapochimbwa chemba, yale mashimo ya kuunganishia bomba. Shangazi akanisukuma mbele kama sadaka.

"Ramani unaweza kusoma?"

"Nimemaliza kidato cha nne, Injinia. Jiografia nilipata alama ambayo mwalimu mwenyewe aliomba aiangalie tena."

"Ilikuwa kubwa?"

"Hakusema."

Hakucheka. Alipiga chafya, akatandaza ramani kwenye boneti ya gari.

"Sikiliza. Maji taka hayapandi mlima. Bomba linaanza huku juu, linateremka nyumba kwa nyumba, yote yanakutana hapa." Kidole chake kikatua bondeni. "Kiwanja cha nani hiki?"

"Cha shangazi yangu."

"Basi chemba kubwa inakaa hapa, nje ya uzio wake. Nyumba haiguswi. Na yeye atakuwa wa kwanza kuunganishwa."

Shangazi alikuwa nyuma yetu. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Alama ni duara," Injinia akaendelea. "Rangi ya bluu. Unapaka kwenye kipande cha nondo kilichopigwa ardhini, siyo kwenye ukuta, siyo kwenye mti. Na nyekundu usiiguse kabisa. Watu wakiona mkasi mwekundu, ile X ya bomoabomoa, wanasikia katapila linakuja."

"Duara, bluu, nondo."

"Rudia."

"Duara, bluu, nondo. Injinia, hata usingizini nitaisema."

"Jumamosi nakuja kupima, na siku hiyo hiyo mkutano wa mtaa unaamua. Wakikubaliana, Ng'ambo inaingia awamu hii. Wakigombana, bomba linakwenda mtaa mwingine, na ninyi mtanisubiri miaka. Nimeshahama mitaa miwili kwa sababu ya ugomvi. Sina nguvu ya wa tatu."

Akaniachia kopo la rangi ya bluu, brashi, nyundo na mzigo wa nondo zilizokatwa.

Sasa, Iringa siyo ardhi. Iringa ni jiwe lililofunikwa udongo kidogo kwa heshima. Nondo ya kwanza ilipinda. Ya pili ikaruka ikanipiga goti. Ya tatu nikaiangalia, nayo ikaniangalia, tukaelewana.

Nikaamua kutumia mawe. Yamejaa kila mahali, saizi ya kichwa cha mtu, bure. Unalichagua jiwe, unaliweka mahali pa chemba, unalipaka rangi. Alama ni alama.

Nikaanza kwa dada Kulwa. Dada Kulwa ni Msukuma. Ndugu zake walihamia Usangu na ng'ombe, yeye akahamia Iringa na kuku. Anauza samaki wakavu, lakini stori zake zote ni za kuku.

"Mdogo wangu Anord, jana tena wamenibebea tetea. Nikienda kwa jirani nasema huyu wangu, anasema wa kwake. Kuku wote wa mtaa huu wamezaliwa na mama mmoja!"

"Wape vitambulisho, dada Kulwa."

"Wewe cheka tu."

Nilicheka, halafu nikafanya kosa la kutaka naye acheke. Nikaweka kopo juu ya mwamba, nikaanza kumwigiza mwenyekiti wetu wa mtaa, Mzee Crispin, anavyotembea akiwa amevaa koti: mikono nyuma, tumbo mbele, hatua kama anakagua gwaride. Dada Kulwa akacheka mpaka akashika mbavu. Nikageuka kwa madaha. Mguu ukalikuta kopo.

Bluu yote ikateremka mwambani. Sehemu kubwa ilipita juu ya viatu vyangu.

"Eee bhabha," akasema dada Kulwa. "Umemwaga ziwa."

Ningempigia simu Injinia, yangeisha pale. Lakini nilimfikiria na mafua yake na mitaa yake miwili, nikamfikiria shangazi na kitenge chake, nikaona haya. Nikaenda kwa Jofrey, fundi wa mageti, nikaomba rangi yoyote. Aliyokuwa nayo ni ile nyekundu ya kuzuia kutu, wanayopaka kwenye chuma kabla ya rangi yenyewe.

"Nyingine huna?"

"Mimi natengeneza mageti, sipambi maharusi."

Nikaichukua. Duara nalo likanishinda. Jiwe la Iringa lina chunusi. Ukizungusha brashi, linatoka yai lililokanyagwa. Mkasi ndio unaokaa vizuri. Fyuu, fyuu, umemaliza. Nikajiambia Injinia atakuja asubuhi na mapema, atapima haraka, na mtu atakayeuliza nitamchekesha.

Kufika jioni kila nyumba ya kilimani ilikuwa na jiwe lenye mkasi mwekundu mbele ya geti. Rangi ikabaki kidogo. Nikampa dada Kulwa lile kopo na brashi yake, awapake kuku wake alama. Alifurahi kama nimempa mbuzi. Mikono nikainawa kwa mafuta ya taa. Nikalala usingizi wa mtu mwenye kazi.

Kilichoniamsha Jumamosi ni bati.

Kwanza nilidhani mvua. Halafu nikasikia msumari unalia, ule mlio wa kung'olewa. Nikatoka na kaptula. Shangazi Faustina alikuwa juu ya paa, kitambaa kichwani, nyundo mkononi. Nusu ya nyumba ilikuwa wazi. Niliona kitanda chake kutoka uani. Niliona picha ya marehemu mume wake ukutani, jua limempiga usoni.

"Shangazi! Unafanya nini huko?"

"Naezua kabla hawajaja. Katapila likipita halichagui bati. Leta kamba."

"Nani kasema linakuja katapila?"

"Zunguka mbele uone. Usinipigie kelele, Anord. Nimechoka."

Nikazunguka.

Mawe yangu yote yalikuwa pale. Yamepangwa kwenye ukuta wa shangazi kama watu wanaosubiri daktari, kila moja na mkasi wake mwekundu. Niliyafahamu moja moja. Lile refu lilikuwa kwa mwalimu. Lile lenye ufa lilikuwa kwa mwenye duka la dawa. Lile bapa lilikuwa kwa Mzee Crispin mwenyewe.

Hawakupanga njama. Kila mmoja aliona nyekundu getini kwake, akasema moyoni Mungu wangu, akalibeba jiwe akalisukumia bondeni. Kama wanavyofanya mvua ikinyesha. Kila kitu cha kilimani kina njia moja.

Nikapanda ngazi.

"Shangazi, shuka kwanza nikuambie kitu."

"Niambie nikiwa hapa hapa."

"Hayo mawe..."

"Hayo mawe nimeyaona alfajiri nikitoka kuchota maji." Akang'oa msumari, akautia mfukoni mwa aproni. Anatunza misumari, shangazi yangu, hata iliyopinda. "Unajua kilichoniuma? Siyo nyumba. Ni kwamba nilishona kitenge. Nilikaa mbele nikapiga makofi, kumbe walikuwa wanatafuta pa kunibomolea. Aliyepaka hizi alama, Anord, namwombea. Namwombea Mungu amwonyeshe siku moja kulala bila paa."

Maneno yaliyokuwa mdomoni yakarudi yalikotoka. Nikaleta kamba.

Ndiyo. Nilimsaidia kushusha bati. Mnaweza kuacha kusoma hapa kama mnataka, mimi ningeacha.

Mzee Crispin alikuja na koti lake. Alisimama mbali kidogo na mawe, kama mtu anayeogopa kusalimiwa nayo.

"Kamwene, mama Faustina. Pole sana. Serikali ikiamua, imeamua."

"Kamwene, Mwenyekiti. Hilo jiwe bapa siyo lile la nje kwako?"

"Mawe yanafanana, mama."

"Hilo lina alama ya sufuria. Mke wako huwa anaanikia sufuria juu yake."

Mwenyekiti akakohoa. Akasema mkutano uko palepale, watu waje, Injinia ameshavuka korongo.

Watu walijaa uani kwa shangazi kwa sababu ndipo palipokuwa na maajabu. Mawingu nayo yalikuwa yameanza kukaa juu ya mlima, mazito, ya kwanza mwaka huu. Injinia Devotha akashuka kwenye gari. Aliangalia paa. Aliangalia mawe. Akatoa kitambaa, akapenga kamasi taratibu, kama anajipa muda wa kutolia.

"Anord. Hiki ni nini?"

Wote wakanigeukia. Shangazi alikuwa amekaa juu ya rundo la bati lake, mikono imejaa kutu.

Nilikuwa na sekunde moja ya kuwa mtu mzuri. Ikapita.

"Injinia, hata mimi nashangaa. Mimi niliweka duara. Bluu. Kwenye nondo. Hizi nyekundu sizijui."

"Una uhakika?"

"Angalia viatu vyangu."

Wakaangalia. Viatu vyangu vilikuwa bluu mpaka kwenye kamba. Mwalimu akatikisa kichwa, kijana wa watu kasema kweli. Jamani, hata uongo wangu ulikuwa na ushahidi.

"Kwa hiyo," Injinia akasema polepole, "kuna watu waling'oa nondo za ofisi, wakapaka mawe nyekundu, wakayaleta huku kumtisha mjane ahame."

Kimya. Na huo ukimya, wasomaji wangu, ulikuwa mtamu kwa dakika nzima. Kwa sababu hakuna aliyeweza kubisha. Kila mtu wa kilimani alijua amesukuma jiwe moja. Kila mmoja akadhani mwenzake ndiye aliyepaka. Mwenye duka la dawa akamwangalia mwalimu. Mwalimu akaangalia angani. Mzee Crispin alikuwa anatoa jasho kwenye baridi ya Iringa, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Nimepona, nikajisemea. Tena nimepona kwa heshima.

Ndipo Injinia Devotha akaanza kuikunja ramani.

"Mwenyekiti, samahani. Bomba linapita kwenye viwanja vya watu. Linahitaji watu wanaoaminiana. Mtaa unaomfanyia mama mzee hivi, mimi siwezi kuuandikia ripoti nzuri. Naupeleka mpango mtaa mwingine."

"Injinia, subiri kidogo," Mzee Crispin akasema.

"Nisubiri nini? Kuna mtu atasimama aseme alifanya?"

Hakusimama mtu. Ramani ikakunjwa mara ya pili.

Shangazi ndiye aliyesimama. Alishika kiuno, akajinyoosha kidogo kidogo.

"Injinia, mwanangu. Mimi sitaki kujua ni nani. Kweli kabisa. Nimezoa vinyesi vya mtaa huu tangu nyumba ya kwanza ilipojengwa kule juu, na sikuwahi kupanda kumgongea mtu mlango. Nyumba nitaiezeka tena. Misumari ninayo hii." Akapiga mfuko wa aproni, ukalia. "Lakini mvua hiyo hapo. Usiondoke na bomba langu. Kama kuna mtu alikosea, aseme tu, tumsamehe hapa hapa, tuendelee. Sina hata nguvu ya kukasirika."

Mlango ule ulifunguliwa wazi, wasomaji. Ulifunguliwa kwa mikono miwili yenye kutu. Nilichotakiwa ni kupita.

Injinia alinigeukia mimi.

"Mama anasema aliyekosea asamehewe. Sawa. Anord, wewe ndiye niliyekupa kazi. Nakuuliza mara ya mwisho, na nitakachosikia ndicho nitakachoondoka nacho. Ulipaka rangi gani?"

Shangazi akaweka mkono begani kwangu.

"Muulize tu. Huyu ana utani mwingi, lakini hajawahi kunidanganya."

Kwa nini alisema vile? Angenyamaza, ningesema. Naapa ningesema. Sasa ningemwambiaje mtu aliyeshika bega langu kwamba paa lake nimelishusha mimi, na kamba nikaleta mimi?

"Bluu," nikasema. Sauti yenyewe ilitoka imechoka.

"Sawa," akasema Injinia, akaikunja ramani mara ya tatu, akaibana kwapani.

"Anord! Anord uko wapi, mdogo wangu?"

Niliijua ile sauti kabla sijageuka. Dada Kulwa alikuwa anapenya katikati ya watu, anacheka peke yake, kuku kwapani. Tetea mnene, mweupe. Kila bawa lilikuwa na mkasi mwekundu.

"Nimempata! Alikuwa kwa jirani, jirani kaanza kubisha, nikamwambia funua bawa! Funua bawa uone! Akanyamaza kimya! Ile rangi yako ya mawe, mdogo wangu, haitoki hata kwa sabuni. Mungu akubariki. Na brashi yako hii hapa, ulisahau."

Akaniwekea brashi mkononi. Nyekundu mpaka kwenye mpini.

Halafu akaona paa halipo. Akaona mawe. Akaniona mimi. Kicheko kikamwishia taratibu.

"Kwani... nimesema nini?"

Mzee Crispin alikuwa ameacha kutoa jasho. Mwalimu alikuwa anaangalia viatu vyangu upya, kama mtu anayesahihisha mtihani mara ya pili. Injinia alisimama na mguu mmoja ndani ya gari, ramani bado kwapani.

Mkono wa shangazi ulikuwa bado begani kwangu. Ukaondoka, polepole. Akamchukua yule tetea kwa dada Kulwa, akalifunua bawa, akaliangalia kwa muda mrefu. Akayaangalia mawe. Akaangalia juu, palipokuwa na paa.

Tone la kwanza la mvua likagonga kwenye rundo la bati. Kila mtu wa kilimani pale uani alijua ni saa ya kutapisha.

"Anord," shangazi akasema, kwa sauti ile ile aliyonipokelea na chai. "Hebu rudia, mwanangu. Ulisema rangi gani?"